Milimita Tano

Kisu changu cha jibini kimekatwa mpini.
Nimekikuta kwenye jiliwa, kimebanwa kama mwizi,
Garegin anakila kwa tupa, kriii, kriii,
unga wa chuma ukimwagikia kitambaa cha meza
nilichokidarizi mwaka tuliooana.
Kisu cha babu, kilichofuliwa kwa springi ya lori,
mgongo mnene kama kidole.
Kimelala kwenye makaa usiku kucha ili kilainike.

"Milimita tano," anasema, bila kuinua uso.
"Kamili. Si tano na unywele."

Nje, Gyumri imefunikwa na theluji,
na Ford ya Zaven muoka mikate iko uani,
kifua wazi, mkanda wa taiming umetolewa,
kamshafti mbili zimenuniana kama wakwe.
Kifaa cha kuzishika kinauzwa, ndiyo,
kinauzwa Yerevan, bei ya viatu vya watoto wote watatu,
na mwenye duka hakodishi
hata umwapie kaburi la mama yako.

Cha kwanza kilikuwa cha alumini.
Kikapinda.
Kamshafti ikaruka, tak,
nasi tukanyamaza, kama watu waliosikia
glasi ikipasuka chumba cha pili.
Ungefungwa mkanda hivyo, pistoni ingegonga valvu,
na Zaven angesambaza mikate kwa miguu.

Cha pili ndicho kisu changu.
Pini ya krankshafti ni mkia wa keekee iliyovunjika.
Ya kuzuia kikazio ni njiti ya baiskeli ya Arpi,
ambaye bado hajui.

Mimi ni mshonaji. Hakuna aliyeniuliza.
Lakini cherehani nayo ina taiming yake:
sindano ishuke hadi mwisho, ianze kupanda, kidogo tu,
ndipo ndoano ipite nyuma ya tundu, idake uzi.
Ikiwahi, inakosa. Ikichelewa, mshono unaruka.
Miaka ishirini nasikiliza mabishano yao
kwa masikio na kwa nyayo.

Kwa hiyo alipokitia kisu kwenye mifuo
nikasikia, kabla yake, kinavyocheza.
"Umekila mno."
"Sijakila mno."
"Garegin."

Nikatoa wembe wangu wa kufumulia,
nikauchomeka ubavuni mwa chuma.
Kimya. Akasukuma kwa kidole gumba, mara ya kwanza,
mara ya pili. Hakikutikisika.
Hakusema asante. Alisema, "Shika taa."

Mkanda ukavaa. Vizuizi tukavitoa kimoja kimoja,
wembe nikauhesabu mwenyewe.
Akazungusha injini kwa spana, kwa mkono,
mizunguko miwili, polepole,
nami nikiwa nimeziba pumzi kama naunga mkono wa koti la bwana harusi.
Alama zikarudi, zikatazamana.

Zaven amelipa nusu fedha, nusu mikate.
Kisu kinaning'inia gereji, kwenye msumari,
wembe umefungwa juu yake kwa uzi mwekundu.
Juzi jirani alikuja kukiazima.
Garegin akasema, "Muulize mwenyewe,"
akaninyooshea kidole mimi.

Jibini sasa nalikata kwa uzi.
Linakatika vizuri zaidi,
lakini hilo sijamwambia.