Mikataba Tisa

Sakafuni mwa karakana yetu, mjini Franca,
kuna matundu manane ya bolti
yaliyobaki zilipong'olewa mashine mbili za kushonea.
Baba hakuyaziba.
Mwaka ule dola ilianguka
kati ya siku ya kutia saini na siku ya kulipwa.
Viatu vilifika salama, mnunuzi akalipa hadi senti ya mwisho,
na bado tukabaki nusu ya tulivyokuwa.
Hakuna aliyetuibia. Hilo ndilo lililomuuma.

Mimi Zulmira, bintiye, nayavuka kila asubuhi
kama mtu anayeruka dimbwi.

Aprili nikapata oda kutoka Denva:
buti jozi elfu tatu, dola thelathini kila jozi,
malipo mwisho wa Juni.
Siku hiyo dola moja ilikuwa reali tano na senti kumi.
Ngozi nainunua kwa reali. Gundi kwa reali.
Cleonice, anayeshona visigino, hali dola.

Nikampigia dalali wa São Paulo, Bi Kimie,
sauti yake kavu kama risiti:
"Uza dola za Julai. Mikataba tisa,
kila mmoja elfu kumi."
"Lakini dola zenyewe bado sina."
"Ndiyo maana."

Nikauza nisichonacho
ili nitakachopata kisinichezee.

Kuna mtu upande wa pili. Simjui.
Labda anaagiza ngano, labda vifaa vya wasiosikia vizuri;
analala akiogopa dola isipande
kama mimi ninavyoogopa isishuke.
Hofu zetu zikaketi mgongo kwa mgongo,
zikaegemeana,
wala hazikuamkiana.

Basi dola ikapanda.

Haikupanda kwa kishindo. Senti moja, kesho mbili.
Kila jioni soko likifungwa, hesabu inafungwa nalo:
kwa kila senti moja, reali mia tisa
zinatoka kwenye dhamana yangu.
Simu ya Bi Kimie: "Ongeza."
Nikaongeza. "Ongeza."
Nikachukua fedha za paa jipya, nikaongeza.

Kaka yangu Osvaldir akaja na kikokotoo,
akakitua mezani kama anayetua panya mfu:
"Elfu ishirini na nane na mia nane!
Umecheza kamari dhidi ya nyumba yako."
Nikasema, kamari aliicheza Baba,
aliyekaa bila kufanya kitu.
Maneno yalitoka kabla sijayapima.
Osvaldir akatazama matundu.
Mchana huo hakuna aliyekula.

Juni, tarehe ishirini na tisa, Denva wakalipa.
Dola ilikuwa tano na senti arobaini na mbili.
Nikabadilisha, nikaifunga mikataba,
nikatoa nilichokwisha kulipa sokoni,
zikabaki reali laki nne na elfu hamsini na tisa,
zile zile nilizoziandika Aprili kwa penseli
nyuma ya boksi la nyuzi.
Si zaidi. Hapo ndipo pagumu kusimulia:
hakuna anayepigiwa vigelegele
kwa nyumba ambayo haikuungua.

Jirani yetu Genésio hakujikinga na chochote.
Amenunua gari jekundu la mizigo,
analiosha Jumapili mbele ya dirisha langu.
Usiache mbachao kwa msala upitao, najiambia,
na bado gari lile ni zuri,
nalitamani, sitasema uongo.

Ijumaa Cleonice alihesabu mshahara wake mara mbili,
akausunda sidiriani, akarudi kwenye kisigino.
Dola ni ngapi?
Hajawahi kuniuliza.

Leo Denva wameandika tena: jozi elfu nne.
Redio inasema dola itazidi kupanda.
Osvaldir ameegemea mlango, ananitazama.
Simu inaita, inaita, Bi Kimie hajapokea,
na mguu wangu, naona sasa,
umekanyaga tundu moja.