Mkono wa Bi Tsiala

Binti yake Teona, aliye Bari akiwaogesha wazee wa watu,
ndiye aliyelipa: euro mia nne, nusu kwanza.
"Mpige mama picha," alisema simuni, "na mkate, na tanuri,
na video fupi yenye harufu."
Yenye harufu. Nikaandika hivyo hivyo daftarini.

Nikafika Surami na taa mbili, stendi ya miguu mitatu,
lenzi ya kuazima, na Gocha, mwanafunzi wangu,
kabeba kiakisi cha fedha kama sinia la harusi.
Barabara ilikuwa tupu. Ile mpya imetoboa mlima,
magari yanapita tumboni mwake,
yanatokea ng'ambo bila kujua kwamba hapa pana mtu.

Bi Tsiala hakutukaribisha wala hakutufukuza.
"Kizuri chajiuza," alisema, akikanda.
"Chajiuza kwa nani, bibi? Kwa mbwa huyu?"
Mbwa akainua sikio moja.
Bibi akacheka, unga ukamrukia kidevuni,
nami sikuwa nimewasha kamera.

Sasa sikia kazi yetu ilivyo.
Mvuke wa mkate hauishi zaidi ya pumzi kumi.
Tunayo dawa yake: pamba iloweshwe, ichemshwe,
ifichwe nyuma ya mkate, ifuke kwa niaba yake.
Nilipoitoa pamba mkobani, akaniuliza:
"Hiyo nayo inauzwa?"
"Hapana, bibi, ni ya picha tu."
"Basi atakayekuja na njaa ya pamba
utamhudumia wewe."
Nikairudisha.

Ikawa kukimbizana. Anainama, kichwa na mabega ndani ya tanuri,
anaubandika unga ukutani kwa kofi, anachomoka
uso mwekundu, nyusi zilishaungua zamani;
dakika kumi; halafu kulabu, mkate, mdalasini,
karafuu iliyosafiri mbali kuliko sisi sote,
na mimi napiga, napiga, kioo kinashika ukungu,
nafuta kwa shati, mvuke umekwenda.
"Tena," nasema.
"Tena ni unga," anasema. Lakini anainama.
Mikate kumi na minane. Hakuna uliotupwa:
mmoja wa Gocha, nusu ya mbwa,
mingine kwa fundi wa matairi, kwa mkopo.

Tatizo lilikuwa mkono.
Kila nilipomlenga, mkono wa kulia ulipanda wenyewe,
mkate kiganjani, ukapunga.
Miaka thelathini na mmoja ya kupungia magari
haijui kamera ni nini.
"Usipunge, bibi. Jifanye hatupo."
"Nikijifanya hampo, nitamuuzia nani?"
Nilirekodi mara saba. Mara saba ulipanda.

Usiku, chumbani, nikaukata.
Nikaweka muziki, nikaondoa muziki.
Video ikawa safi kama sahani ya hotelini.
Saa nane nikaurudisha mkono,
nikaliacha na gari moja lililopita bila kupunguza mwendo
na macho ya bibi yakilisindikiza hadi konani.

Teona aliitazama kazini, kajifungia chooni,
akaniandikia neno moja tu: Harufu.

Baada ya wiki nikampigia Bi Tsiala.
"Bibi, watu elfu kumi na moja wameiona!"
Kimya. Kofi la unga ukutani.
"Kuona, hata wale wa zamani waliona," alisema,
"vioo vya magari vilikuwa wazi.
Nakuuliza, wamesimama?"

Nikaanza habari za asilimia, za waliowatumia wenzao.
"Ngoja," akanikatiza, "kuna gari."
Simu akailaza mezani bila kuikata.
Nikasikia kandambili zikikimbia,
nikasikia mlango, sijui wa duka, sijui wa gari,
sauti ya mwanamume, labda anauliza njia,
na mimi, mtu wa picha,
sikuweza kuona kitu.