Sita

Jina langu Sita.
Wageni huuliza, jina gani hilo?
Nawaambia, mama alikuwa anahesabu.
Mosi, Pili, Tatu, kaka yetu Mbwana,
kisha mimi.
Nilipojua kujumlisha nikamwendea jikoni:
mama, mbona mimi si Tano?
Akaendelea kupepeta mchele.
"Nimehesabu sawa," akasema.

Sasa ni karani wa wodi ya wazazi, Tanga mjini,
mwaka wa thelathini na moja kwenye meza ileile
yenye mguu mmoja mfupi.
Mkoa umeleta kompyuta na kijana, Shekigenda.
Tunahamisha madaftari ya zamani,
mimi nasoma, yeye anabonyeza.
Mavi ya mende. Wino wa buluu uliogeuka kutu.

"Mimba ya ngapi?"
Mwaka sabini na moja: ya nane. Ya kumi. Ya sita.
Ya kumi na moja, mume mkata mkonge, Pongwe.
Mwaka tisini na nne: ya tano, ya saba, ya nne.
Mwaka jana: ya pili. Ya kwanza. Ya tatu,
na ameomba kijiti kabla hajavaa viatu.

Kijana anachora mstari kwenye kioo,
unashuka kona kwa kona
kama barabara ya Lushoto kuja Mombo.
"Bi Sita, tunapungua!"

Hatupungui, mwanangu.
Daftari la zamani lilimaliza mwaka likabakiza kurasa.
La leo naomba jipya kila miezi minne.
Mama amepunguza, akina mama wameongezeka.
Wale kumi na mmoja wa Pongwe nao wamezaa watatu watatu,
piga hesabu mwenyewe,
halafu nenda wodini uhesabu miguu
katika kitanda kimoja.

Mimi si mkunga, ila dirisha langu lina masikio.
Mwanamvua wa Barabara ya Kumi na Nane alisema:
"Bibi aliniambia mtoto huja na riziki yake.
Wangu kaja na orodha ya mahitaji ya shule."
Mwingine, kadi yake ya sindano hulala kwa jirani,
mumewe asiione.
Yupo na aliyetaka saba, akajaliwa mmoja.
Huyo hakuna anayemchora mstari.

Na majina yetu yamekwisha.
Sijaandika Sita tangu nianze kazi.
Pili waliobaki ni mabibi, huja kutazama wajukuu,
Ilham, Rayan, Nasra,
majina mazuri, hayahesabu kitu.

Jana tulifungua la sitini na saba.
Nikasoma jina la mama kwa sauti ya kazi
kabla sijalitambua.
Mimba: ya sita. Walio hai: watatu.

Watatu. Mosi, Pili, Mbwana.
Tatu alikwenda na surua, kaburi lake tulilipalilia.
Sita toa mimi, toa Tatu...
Nikamwambia kijana, ngoja.
Nikashusha la sitini na tatu, la sitini na mbili.

Mtoto wa kiume, saa nane usiku.
Pembeni, kwa mwandiko mwingine, saa kumi na moja alfajiri.
Jina: kistari.

Waja leo, waondoka leo.
Tunajisifia usemi huo sisi watu wa Tanga,
tunawatania nao wageni.
Katika ukurasa ule niliwahesabu wanne
waliokuja na kuondoka kabla ya jua.
Katika ukurasa wa mwezi huu, hakuna.
Mstari huo, Shekigenda, umeuchora?

Vidole vyake vilisubiri juu ya vitufe.
"Bi Sita, jina. Mfumo haukubali pawe wazi."
Nje mtu alikuwa anamwaga maji ya kudekia.

"Andika Nne," nikasema.

Ukakubali.