Mimba Zabibu

Tumbo langu lilikuwa na haraka.
Miezi mitatu, likavaa ya mitano,
na Ndeshi, jirani wa kibanda cha pili pale Kiborloni,
akaanza kunitengea vinguo kwenye belo lake:
"Pacha hao, Aikande. Pacha watupu."
Nikaamini. Nikatapika kwa watu wawili.

Kwenye kioo cha picha hapakuwa na mtu.
Daktari alizungusha kidude chenye mafuta ya baridi,
akanyamaza, akamwita mwenzake,
wakanyamaza wawili.
Theluji. Tele, mpaka pembeni.
Ya mlimani naijua, kila asubuhi naifungulia dirisha;
ya tumboni hakuna aliyeniambia kama ipo.

"Ni mimba zabibu," akasema,
na mimi, Mungu anisamehe,
nikawaza bei ya robo kilo pale Mbuyuni.

Walinisafisha Jumanne.
Jumamosi, nikiwa nyumbani Pasua, baridi ikaingia.
Si ile ya Julai, ya ukungu na masweta;
hii ilianzia ndani ya mfupa ikatoka nje,
meno yakapiga cherehani,
mwili unaowaka ukaomba blanketi la tatu.
Harufu niliisikia mimi kwanza. Sikusema.
Mwanamke hasemi harufu yake.
Nusura aibu hiyo inizike.

Mama mkwe ndiye aliyefunua shuka.
Akavuta pumzi mara moja,
akakimbilia bajaji bila viatu.

Yaliyofuata nayajua kwa vipande:
sauti ya nesi, "Presha haisomeki,"
dripu mkono huu, dripu mkono huu,
jina langu likinadiwa kama linauzwa,
"wadudu wameingia kwenye damu,"
nami nikawaona kabisa, wamepanga foleni kwenda moyoni,
kila mmoja na tumbo lake.

Siku ya tisa
akaleta mtori kwenye chupa ya chai.
Nikamwambia, mama, mtori ni wa mzazi.
Mimi nimezaa nini?
Akakoroga. Akapuliza kijiko.
"Fungua mdomo. Ndizi nimezimenya usiku."

Sasa kila mwezi napanda hospitali wapime damu,
wasije zabibu wakawa wamesahau mbegu mahali.
Mwaka mzima, wamesema, nisibebe.

Ndeshi alivirudisha vinguo kwenye lundo, vikauzwa,
isipokuwa soksi moja ya njano
ambayo pacha wake hakupatikana.
Ninayo mkobani, ndani ya kadi ya kliniki.