Hesabu ya Tauno

Kwenye mlango wa stoo, kwa penseli, mwandiko wake:
maji lita mbili kwa kichwa kwa siku.
Vichwa viwili. Siku saba.
Mkate mkavu, samaki wa kopo, redio ya kuzungusha kwa mkono,
noti ndogondogo ndani ya mkebe wa kahawa,
"maana mashine za benki zikizima, Irja,
muuza kuni hapokei machozi."
Nilimcheka.
Akiba haiozi, akajibu, akageuza makopo
ya zamani yatangulie mbele.

Alikufa Oktoba, akifunga kamba za viatu.
Kwa siku ile hatukuwa na kopo.

Sasa theluji imelalia nyaya,
usiku wa pili Oulu nzima ni giza.
Nilikaa na penseli yake kando ya jiko la spiriti:
kichwa kimoja, siku kumi na nne.
Hesabu ikakubali. Mkono ukakataa.

Nikavaa buti, nikapanda hadi kwa Vuokko, ghorofa ya tatu,
tusiyesalimiana tangu ule ugomvi wa zamu za sauna,
nikagonga kwa kiwiko, chupa zimejaa mikononi.
Akafungua na mshumaa, akaziangalia.
"Mko wangapi huko chini?"

Vichwa viwili, nikasema.
Siku saba.