Miginko ya Kike

Reli ilipokufa waliifukia mataruma yake
wakapanda bustani juu ya kaburi:
kilomita moja na nusu, viti vya mbao, taa zenye haya,
na miginko mia mbili iliyosimama kama gwaride.
Utepe ulikatwa. Sisi wa Daegu, wa nyuma ya kituo,
tulipiga makofi. Hata mimi, sindano mdomoni.

Hakuna aliyetuambia kwamba mginko una dume na jike,
na kwamba jinsia yake huificha miaka na miaka
kama mtu anayebana siri mpaka urithi ugawanywe.
Kisha mwaka mmoja, majani yalipogeuka manjano,
majike yakazaa.

Harufu gani hiyo?
Samli iliyovunda ndani ya kiatu cha mlevi.
Inapanda ngazi bila kubisha hodi,
inajilaza kwenye pamba, kwenye sufu, kwenye bitana.
Bwana Tak alirudisha suti yake ya harusi:
"Umeishonea wapi, chooni?"
Nikaifua mara tatu. Akaoa kwa suti ya kuazima.

Mwenye nyumba, Pyo Gwang-su, ni mtu asiye na pua.
Alileta mkataba mpya, ukurasa wa pili umeandikwa: *mandhari*.
Dirisha lililonionyesha mabehewa ya makaa kwa miaka kumi na tisa
sasa linanionyesha kijani,
na kijani, akasema, kina bei yake.
Kwa hiyo nalipia uvundo, kila mwezi, tarehe tano.

Bi Ok Sun-rye hakuweza kulipa.
Alinoa visu vya mtaa mzima, akanoa na mikasi yangu,
akaondoka na jiwe lake la kunolea limefungwa kwenye blanketi.
Pale alipokuwa akikaa wanauza kahawa
yenye jani la mginko lililochorwa kwa povu.
Wateja huipiga picha kwanza.
Jani la povu halinuki.

Mengine ni madogo, nayasema tu:
kidimbwi cha mapambo kinachofuga mbu;
mashine ya kupuliza majani, saa kumi na mbili asubuhi,
inayoyasukuma hadi kwa jirani,
na jirani naye ana mashine.
Mizizi imeingia kwenye bomba letu la maji machafu
ikakaa humo kama mgeni wa siku nyingi asiyepewa jembe.

Lakini hili si dogo:
binti yangu Seol-hwa hutoka zamu ya usiku saa nane.
Njia ya bustani ni dakika sita.
Yeye huzunguka barabara ya malori, dakika ishirini na tano,
kwa sababu zile taa zenye haya huangaza vichaka,
hazimwangazi apitaye.
Mimi nakaa macho, napinda suruali za watu
mpaka nisikie ufunguo wake.

Mwezi uliopita walikuja watu wa manispaa na orodha:
nani anataka majike yang'olewe, yaletwe madume?
Nikatia sahihi. Kalamu haikutetemeka.
Kesho yake vigogo thelathini na moja
vilikuwa na alama nyekundu, usawa wa kifua cha mtu.

Jana nikachungulia.
Bi Ok, glavu za mpira hadi kwenye viwiko,
ameinama chini ya mti wenye alama, anaokota.
Amebadilisha mabasi mawili.
"Kule nilikohamia," akasema, "hakuna hata mti wa kuning'iniza kofia."

Alipanda kwangu, akaziosha kokwa kwenye karai,
akazikaanga kwa chumvi kwenye sufuria yangu,
zikapasuka moja moja, kijani kama shanga za kioo.
Saba tu, akaniambia. Ukizidisha ni sumu.
Nikala saba.
Akauliza zile alama nyekundu ni za nini.

Nikafungua dirisha, moshi utoke.
Harufu ikaingia.
Nikalifunga.