Daftari la Maji Mafu

Naandika kwa kalamu ya risasi,
wino hukimbia ukiona chumvi.
Jumamosi, maji yamekupwa, hori ya Tudor imevua nguo,
nasi watu kumi na mmoja, matope magotini,
tunahesabu.

Safu ya kwanza, upande wa Mikindani: miche thelathini na minane.
Mizima mitano.
Mbeyu ataka niandike sita,
kwa kuwa mmoja una jani lisilojua kama limekufa.
Naandika mitano,
naweka nukta pembeni kwa heshima ya jani.

Iliyobaki imeuawa na mbuzi wa mtu tunayemjua,
na nepi, na nepi, na nepi,
na mfuko wa sukari uliojifunga shingoni mwa mche
kama leso ya mtu anayekwenda kliniki,
na mafuta meusi ya gereji za huko juu.
Na lile bomba.
Kila mtu wa mtaa huu, akifunga mlango wa choo,
hutuandikia barua.
Maji ya bamvua huzibeba barua hizo hadi mlangoni mwa bahari.
Maji mafu huketi nazo wiki nzima,
zikasomeka hadi sebuleni.

Fomu ya mfadhili ilikuja na kisanduku kimoja:
MICHE ILIYOPANDWA.
Nikaigeuza nyuma. Nikaiinua kwenye mwanga.
Nyevu, katibu wetu, akasema, "Jaza elfu tatu na mia mbili,
si uongo, tulipanda."
Si uongo.
Aliyezaa kumi akazika wanane
hasemi uongo akisema kazaa kumi.
Lakini mwulize usiku.

Hapo ndipo mkoko ulipoalika maua, kama wasemavyo.
Kelele ndani ya kibanda cha bati, viti vya plastiki vikasukumwa:
"Na pesa zisipokuja, mabuti utatununulia wewe?"
Sikuwa na jibu.
Buti langu la kushoto lilikuwa na tundu tayari.

Chengo hakuwa mwanachama.
Chengo alipika chang'aa ndani ya mikoko miaka kumi na minne,
pipa, mrija, kuni za mkandaa,
akavijua vijia vya maji gizani kuliko askari mchana.
Alisimama mlangoni ananuka moshi, akasema:
"Mnapanda pabaya.
Hapo hata mimi sikuwahi kujificha. Maji hayatoki.
Mti hautaki kulala na kinyesi cha watu. Wewe wataka?"

Akatupeleka alikokuwa akipikia,
akatuonyesha kisiki kwa kisiki:
"Huu nilikata mimi. Huu pia.
Huu ni wa mwaka ule mtoto alipolazwa."
Hakuomba msamaha. Alihesabu tu,
nami, mtu wa daftari, nikamwelewa.

Tulipanda mia nne pale, bila bango, bila kamera.
Mbeyu aliipa miche mitatu majina ya mawifi zake,
ile isiyopenda kusimama.

Fomu nimeirudisha.
Kando ya kisanduku chao nimechora cha pili, kwa rula:
ILIYOKUFA, 2,589.
Hawajajibu.
Bomba linamwaga.
Diwani alisema atalitazama, na kulitazama kweli alilitazama,
leso puani, dakika mbili.

Leo maji mafu tena, nimekwenda peke yangu.
Katika mia nne, hai ni mia mbili na tisini na saba.
Nimehesabu mara mbili, nikiogopa kujipendelea.
Na pale palipokuwa na pipa, kisiki cha mchu,
cheusi bado kwa masizi upande mmoja,
kimetoa tawi, na kwenye tawi
ua dogo la manjano, na nyuki mmoja ndani yake, ana shughuli.

Nimefungua daftari, nikatafuta safu ya kukiandika.
Haipo.
Hatukukipanda.